Mtoto kang'atwa na mbwa, mtaa mzima ukaja getini kwangu. Tuongee kuhusu rotwaila na sisi tunaofuga

#1 Zabibu Kavu

Wakuu, mbukwenyi.

Nina rotwaila jike, anaitwa Kashata, ana miaka mitatu. Nakaa Dodoma, pembezoni, upande wa barabara ya kwenda Mtumba, huku ambako kila mwezi ukuta mpya unainuka na mbuyu mmoja unaondoka. Mume wangu kazi yake iko Geita, tunamwona mara moja kwa miezi miwili. Nyumbani niko na watoto wawili na dada wa kazi. Mbwa sikumleta kwa mapenzi, nasema ukweli. Mwaka tuliohamia tulivunjiwa dirisha mara mbili, nikasema basi.

Jana Jumamosi, kama saa kumi na moja jioni, mtoto wa jirani wa darasa la pili kang'atwa na mbwa kule korongoni wanakochezea mpira. Kwenye shavu la mguu. Mimi sikuwa na habari. Saa mbili usiku nasikia geti linagongwa kwa jiwe. Kuchungulia, watu kama kumi na wawili, mwenyekiti wa mtaa mbele, kijana mmoja kashika rungu, mwingine kipande cha nondo.

"Mama fulani, tumefuata lile libwa lako."

Hawakuuliza kama ni yeye. Mtoto alisema mbwa mweusi, na mtaani kwetu ukishasema mbwa mweusi umeshamtaja Kashata.

Kashata alikuwa bandani, kufuli kwa nje, siku ya tatu tangu afungwe kizazi. Nyuzi ziko tumboni, kichwani kavaa ndoo ya rangi niliyoikata kitako na kumvisha shingoni ili asijilambe. Mtoto mwenyewe alikuwa kabebwa mgongoni na mjomba wake. Nikamwomba mwenyekiti amsogeze kwenye nondo za banda. Tochi za simu zikawashwa. Kashata kasimama na ndoo yake anatuangalia, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeamshwa kupigiwa kura.

Mtoto akatazama, akasema kwa sauti ya chini: "Siyo huyu. Yule alikuwa na mkia."

Kashata hana mkia. Walishamkata kabla sijamnunua.

Kimya. Halafu sauti ya nyuma ikasema, "Basi atakuwa yule koko wa mlinzi wa kwenye pagale." Na hapa ndipo penye kilichonifanya nianzishe uzi. Watu walipoa. Rungu likashushwa. Kuna mtu alicheka kabisa: "Aaah, yule!" Kama vile mtoto hakung'atwa tena.

Yule wa pagale namjua. Asubuhi anafungwa kwa waya kwenye nguzo ya simtanki, juani, na jua la Dodoma mnalijua. Usiku anafunguliwa anazurura. Chanjo hajawahi kuisikia. Mwaka jana alimchania dada wa mboga sketi. Hakuna aliyekwenda kugonga mlango wa mtu, maana ni koko tu.

Nikauliza jeraha limefanywaje. Wakafungua kitambaa cha khanga. Ndani ugoro. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili na ushee hakuna aliyemwagia yule mtoto hata kikombe cha maji, kila mtu alikuwa anatafuta mbwa.

Sasa na mimi niseme langu, msije mkadhani najisafisha. Mwenyekiti aliniomba kadi ya chanjo ya Kashata. Niliileta kwa madaha, kuifungua, chanjo ya kichaa ilishapitiliza miezi mitano. Daktari alikuwa ameniambia akipona upasuaji nimrudishe, lakini miezi ile mitano kabla ya hapo nilikuwa wapi? Ingekuwa ni yeye aliyeng'ata, ningekuwa sina mdomo.

Wanaofuga, wasiofuga, walioumwa, karibuni.

#2 Kijana wa Kizota

Naweka kambi hapa. Ila uzi wa mbwa bila picha ni batili. Kashata na ndoo yake yuko wapi?

#3 Fundi Geti

Mkuu pole, lakini mimi nitakuwa upande wa wenye rungu kidogo.

Kazi yangu ni kuchomelea mageti. Ipagala, Kisasa, Ilazo, Iyumbu, huko kote nimeingia nyua za watu. Nimeng'atwa mara mbili. Mara ya kwanza koko, aliniachia matundu mawili nikaendelea kupima geti. Mara ya pili jamani shepadi wa bosi mmoja, ambaye nilihakikishiwa kwamba "huyo hana neno, mzoee tu". Alinikamata mkono, akautikisa kama tambara. Mpaka leo vidole viwili havikunji sawasawa, na mkono ndio mtaji wangu.

Kwa hiyo ninyi wapenda mbwa msije hapa na hadithi kwamba mbwa wote sawa. Bajaji inagonga na fuso linagonga. Wewe ungependa kugongwa na kipi?

Wazungu wenyewe waliowatengeneza hawa mbwa wamewapiga marufuku. Uingereza wana sheria tangu 1991.

#4 Mstaafu wa Mpwapwa

Kabla ya yote, binti yangu au kijana wangu Zabibu Kavu: mtoto kapata sindano? Jibu hilo kwanza, mengine yatafuata.

Na kama bado, usisubiri nimalize kuandika. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 za kuangalia kwenye saa, siyo za kukadiria. Huo ugoro utoke wote. Pilipili, mafuta ya taa, majivu, manyoya ya mbwa aliyeng'ata, yote hayo nimeyakuta kwenye majeraha ya watu na hakuna hata moja linalosaidia. Maji na sabuni yanavisafisha virusi kabla havijafika kwenye mishipa ya fahamu. Kisha hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, ni kaburi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote wameupata kwa mbwa, na watoto wa umri wa huyo wako ni miongoni mwa wanaoathirika sana.

La pili, huyo mbwa wa pagale MSIMUUE. Najua vijana watataka. Afungwe mahali salama, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Akiwa mzima mpaka siku hiyo, alipong'ata hakuwa na virusi kwenye mate. Mkimpiga leo mkamfukia, mmefukia na jibu.

#5 Zabibu Kavu

Mstaafu, ni binti, shikamoo mzee wangu. Na wengine, "mkuu" ni wa kike, ila endeleeni tu, nimezoea.

Sindano kapata. Tulimwoshea hapohapo kwenye bomba la bustani, mjomba anashika mguu, mimi nashika simu ya saa. Dakika ya nne mtoto analia, dakika ya tisa bibi yake ananiambia sasa yatosha unamuumiza, nikamwambia bibi bado sita. Kituo cha kwanza hawakuwa na dawa. Tukatafuta usafiri mpaka hospitali, tukatoka saa sita usiku. Bibi alikuwa anatetemeka kuliko mtoto, maana enzi zao waliambiwa ni sindano 21 za kitovuni. Kachomwa mkononi, kapewa tarehe za kurudi.

Na kweli, Jumapili asubuhi vijana wawili walikwenda pagaleni na rungu lilelile. Nilimpigia mwenyekiti nikamsomea ujumbe wako neno kwa neno. Akawahi. Mbwa yuko hai, kafungwa ndani ya chumba kisicho na bati. Nimehesabu siku kwenye kalenda ya jikoni.

#6 Boda wa Area C

Mimi kama mtu wa boda nina usemi. Mbwa wa kwenye kuta ndefu sina shida naye, anabweka ndani huko mpaka anakauka koo. Anayenitesa ni huyu wa barabarani asiye na mwenyewe, ambaye ukiuliza ana wenyewe nyumba nne. Saa kumi alfajiri unamleta abiria kutoka stendi, wanatoka watatu kwenye minyaa, mmoja kashika upande wa kushoto. Ukiongeza mafuta ndiyo umewaita. Siku hizi nazima injini, nasimama, naangalia pembeni, naongea nao kama wakwe. Wanabweka, wanachoka, wanaenda. Abiria ndiye anayekimbia, na ndiye anayeng'atwa.

#7 Kijana wa Kizota

"Naongea nao kama wakwe" 😂😂 Boda umeniua.

#8 Mstaafu wa Mpwapwa

Boda ni mwalimu asiye na cheti. Mbwa hukimbiza kinachokimbia.

Nimrudie Fundi Geti. Kijana wangu, pole kwa vidole. Hoja yako ya fuso naipokea nusu. Ni kweli mbwa wa kilo 45 akikosea, kosa lake linashonwa. Kwa hiyo mwenye mbwa mkubwa anadaiwa zaidi, hilo sina ubishi nalo. Ila hiyo sheria ya Uingereza ya 1991 ilitaja aina nne: pitibuli, Tosa wa Japani, Dogo wa Argentina na Fila wa Brazili. Rotwaila hayumo. Jamani shepadi aliyekula vidole vyako hayumo. Mwishoni mwa 2023 wakaongeza XL Bully, na maana yake ni nini? Kwamba miaka zaidi ya 30 baada ya kufunga majina manne, jina la tano lilizaliwa na likang'ata watu. Sheria ilifunga mlango mmoja, wenye tabia ya kutaka mbwa wa kutisha wakafungua mwingine.

Halafu rotwaila mnamjua asili yake? Jina lake ni la mji, Rottweil, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mbwa wa wachinjaji na wapeleka ng'ombe mnadani. Anaswaga ng'ombe, akifika anavuta kimkokoteni cha nyama. Yaani ni mbwa wa watu kama Wagogo, kazi yake ingekuwa kutembea na ng'ombe kutoka Hombolo mpaka mnada wa Msalato. Sisi tumempa kazi ya kukaa kwenye banda la mita mbili akibwekea bajaji, halafu tunashangaa amekuwa na visirani.

#9 Mrangi wa Kondoa

Asalaam aleikum jamani. Nisome bila hasira.

Mimi simchukii mbwa, na dini yangu haikuniambia nimtese. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa ulinzi anaruhusiwa, hilo liko wazi. Lakini mate yake kwetu ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sasa fikiria saa kumi na moja alfajiri natoka kwenda kuswali nikiwa na udhu na kanzu yangu, mbwa wa jirani, mpole kweli, anakuja kujisugua magotini kwangu. Mwenye mbwa yuko dirishani anacheka: "Usiogope shehe, haumi!"

Ndugu yangu, nani kakwambia naogopa? Wenye mbwa mnadhani shida ya mbwa ni meno tu. Mimi huyo asiyeuma ndiye anayenirudisha nyumbani kubadilisha kanzu.

#10 Zabibu Kavu

Mrangi, waaleikum salaam. Hili umenikamata. Mwaka juzi Kashata alitoka geti lilipoachwa wazi, akakimbia kwa furaha kumfuata mzee mmoja aliyekuwa anatoka msikitini. Na mimi nilipiga kelele ile ile, "haumi, baba!" Nikajiona nimemsaidia.

#11 Madume Bora Dodoma

Habari wakuu. Kwa wanaohitaji mbwa wa kisasa, ninao watoto wa rotwaila safi na jamani shepadi, wiki tano, wameshaanza kula ugali. Mkia nakata bure. Ukitaka awe mkali kweli nakupa na maelekezo: unamfungia kwenye giza mchana kutwa asizoee watu, ukipata nyigu unamchanganyia kwenye chakula, pilipili kidogo kila wiki. Akifika miezi minane hata wewe mwenyewe unabisha hodi. Bei maelewano.

#12 Fundi Geti

Ebu mzee wa Mpwapwa njoo. Huyu ndiye aliyemuuzia bosi wangu.

#13 Mstaafu wa Mpwapwa

Nimekuja, na leo sitaandika kwa upole.

Wiki tano! Mtoto wa mbwa haachani na mama yake kabla ya wiki ya nane. Anapocheza na ndugu zake akang'ata kwa nguvu, mwenzake analia, mchezo unakufa. Hapo ndipo anapojifunza kupima meno yake. Ukimtoa wiki ya tano umemtoa shuleni kabla hajajua kusoma. Tena kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, ubongo wake uko wazi kupokea dunia: watoto wanaokimbia, mzee mwenye mkongojo, mama mwenye ndoo kichwani, honi, mvua kwenye bati. Anachokiona wakati huo kwa amani, ukubwani hakimtishi. Wewe unamfungia gizani wiki hizohizo. Kisha akikutana na dada wa mboga anamwona jini.

Nyigu na pilipili vinamuumiza mdomo na tumbo, basi. Havitengenezi mlinzi. Unachokitengeneza ni mbwa mwoga mwenye maumivu, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata kuliko wote, kwa sababu haoni njia ya kutokea. Mlinzi mzuri anajua wa nyumbani ni nani, mgeni aliyekaribishwa ni nani, na anayeruka ukuta ni nani. Huwezi kujua tofauti ya watu kama hujawahi kuwaona. Waulizeni wa kikosi cha polisi cha mbwa na farasi kama wanawalisha nyigu.

Na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Tangazo lako ni ushahidi, kijana, lifute.

Kuhusu damu na tabia, kwa kuwa wengi wanauliza pembeni. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Marekani. Waliuliza wenye mbwa zaidi ya 18,000 kuhusu tabia za mbwa wao, wakapima vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, machotara wamo. Walikuta kwamba ukijua aina ya mbwa umejua kama 9% tu ya tofauti ya tabia kati ya mbwa na mbwa. Na kwenye lile la kuchokozeka upesi, aina ilikuwa karibu haisemi kitu. Mambo kama kusikiliza amri yalifuata aina kidogo zaidi.

#14 Madume Bora Dodoma

Mzee huo ni utafiti wa wazungu. Wateja wangu wanataka mkali. Nikiwaambia mpole wanakwenda kwa mwingine. Hamjui biashara.

#15 Mama Wawili Nkuhungu

Huyu Madume Bora kaongea ukweli mmoja bila kujua. WATEJA WANATAKA MKALI. Mtu anajenga nyumba ya vyumba vitatu, ukuta futi tisa, waya wa miiba juu, halafu anatafuta mbwa wa kutisha majirani waliomkopesha toroli la kujengea. Hata majina: pale kwetu kuna mbwa anaitwa Mtanyooka, wa pili Wivu. Jioni mama anaita, "Wivuuu! Njoo ule!" na kila mtu mtaani anajua anaambiwa nani.

#16 Kijana wa Kizota

Kuna geti moja limeandikwa MBWA KALI, mwenyewe kasoma Nairobi nadhani. Nikipita namsahihisha kimoyomoyo: mkali, mkali.

#17 Fundi Geti

Nimesoma yote. Asilimia 9 nimeielewa. Ila mzee, utafiti ule uliuliza tabia, haukupima taya. Mimi nikiingia uani sina muda wa kumuuliza mbwa kama aliachishwa wiki ya tano au ya nane. Namwona ukubwa wake. Hofu yangu ni ya haki.

#18 Mstaafu wa Mpwapwa

Ni ya haki. Mtu anayeingia kwa watu kikazi hapaswi kumsoma mbwa, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kumfungia kabla hajafungua geti. Bosi wako aliyesema "mzoee tu" ndiye aliyekung'ata.

Ila kwa kuwa unaingia nyua nyingi, chukua hili. Mkia kutikisika siyo furaha siku zote. Tazama mwili: akiwa mlegevu, kiuno kinacheza, sawa. Akiwa amekakamaa, mkia juu unatetemeka kidogo, mdomo kafunga, simama. Akijilamba midomo hakuna chakula, akipiga miayo hana usingizi, akikuonyesha weupe wa jicho, anakuambia "niachie nafasi". Akinguruma mshukuru. Wenye mbwa wengi wanampiga mbwa anaponguruma, matokeo yake anaacha kunguruma, akiudhika anakuja moja kwa moja. Umemnyang'anya honi ukamwachia mafuta.

#19 Mchungaji wa Pandambili

Mimi ni wa Kongwa, tumefuga mbwa tangu babu. Kwetu mbwa hana aina, ana kazi. Mbwa wa ng'ombe huzaliwa kwenye boma, anakua na ndama, usiku fisi akija anasikika yeye kwanza. Masikio huwa wanakatwa, wanasema fisi asipate pa kushika, mimi wangu nimeacha.

Nilichokuja kusema ni hiki. Hawa mnaowaita koko mjini ni walewale wetu. Kijijini mbwa yuleyule anajulikana na kila mtoto, anatembea kilomita 15 kwa siku, hana muda wa kumng'ata mtu. Mkimleta Dodoma mkamfunga na waya kwenye simtanki mwaka mzima, atakuwa simba. Ningefungwa mimi hapo ningeng'ata.

Chanjo ndiyo hatupati vizuri. Wakija ni mara moja, wakati mwingine watu wako shambani.

#20 Mstaafu wa Mpwapwa

Mchungaji, hilo la chanjo limeniuma kazini miaka yote. Hesabu inajulikana: ukichanja mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Siyo lazima uchanje wote, siyo lazima uue hata mmoja. Kampeni za kuua mbwa zinawapa watu moyo siku mbili, kisha wanazaliwa wengine ambao hawajachanjwa kabisa. Na faida haiishii kwa binadamu. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, ule wa homa na degedege, uliingia Serengeti ukaondoka na kama theluthi ya simba. Virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijijini kandokando ya hifadhi, walewale wasio na aina.

Mtoto wa mbwa apate chanjo ya kichaa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Zabibu Kavu, nakutazama wewe.

#21 Zabibu Kavu — MREJESHO

Siku ya kumi imepita juzi. Mbwa wa pagale mzima, kanenepa hata. Nilikuwa nampelekea ugali wa dona na maji ya dagaa kila jioni, siku tatu za kwanza namsukumia sahani kwa fagio. Mlinzi ni mzee wa Bahi, mbwa siyo wake, aliachiwa na mlinzi aliyepita. Mwenye pagale yuko Dar, nilipompigia akashangaa: "Kwani kuna mbwa?"

Bwana mifugo alikuja Alhamisi, akachanja wote wawili, Kashata na yeye, na kadi ya pili ikauliza jina. Mzee wa Bahi akafikiri, akasema andika Simtanki. Gharama nimelipa mimi. Waya tumeutupa, ana kamba ndefu chini ya mwarobaini, na usiku hafunguliwi tena kuzurura. Nyumba ikiisha kujengwa mzee ataondoka, na Simtanki sijui atakwenda na nani. Hilo sina jibu.

Kwangu nimeweka geti dogo la pili kwa ndani, ili la nje likisahauliwa wazi Kashata asifike barabarani. Mrangi, nilikumbuka kanzu yako. Aliyelichomelea mmeshamjua, alinifuata pembeni akaniuliza vipimo. Bei hakupunguza hata mia. Alikaa kazini kwa muda wa saa nne, Kashata kafungiwa bandani na kufuli, na bado kila baada ya dakika tano anageuka kuangalia kufuli. Sikumwambia azoee.

Mtoto kidonda kimefunga. Daktari aliambiwa habari za mbwa kuwa mzima, ataamua yeye sindano zilizobaki. Jana jioni alikuja na mama yake kurudisha kitambaa changu. Akaomba kumwona Kashata. Nyuzi zimeshatolewa, ndoo imerudi kuwa ndoo. Nilimwekea mkanda nikakaa naye chini, nikamwambia mtoto asimame pembeni, asimwangalie machoni, amwache anuse mkono kwanza. Kashata akanusa, akalala chini akaweka kidevu juu ya kandambili yangu.

Mtoto akamzunguka polepole mpaka nyuma, akachuchumaa, akaangalia muda mrefu. Kisha akaniuliza mkia wake waliupeleka wapi.

Nikamwambia hata mimi sikuwahi kuuona.